Betri Iliyokwenda Maulidini

Enzi zetu televisheni ilitazamwa miguu imeoshwa. Asicheke mtu. Wewe wa rika langu uliyekulia Bongwe, au Ukunda ilipokuwa bado ni maduka machache na mnazi kila unapogeuka, unajua nisemalo. Hukutoka kiwanjani na vumbi lako la mchezo wa nage ukaenda kujitupa kwenye mkeka wa watu. Mlangoni palikuwa na ndoo na kata. Unajimwagia maji, unasugua kisigino kwa kisigino, unajipangusa kwenye gunia, ndipo unapopiga hodi. Na hodi yenyewe hukuipiga mikono mitupu. Leo mjukuu wangu Zuhura hutazama mchezo amelala chali, simu juu ya pua, masikio kayaziba kwa vile vidude vyao, na miguu yake haijaonana na maji tangu asubuhi. Nikimwambia, "Zuhura, nenda kaoshe miguu ndipo utazame," ananiangalia kama mtu aliyesikia mbuzi anaongea.

Sisemi televisheni ya leo ni mbaya. Wenzangu wengi husema hivyo, kisha jioni ukipita kwao unakuta wamekodoa macho hata salamu hawaitikii. Mimi naipenda, sifichi. Viazi vya karai naanza kuvikaanga adhuhuri, na inapokaribia saa ya mchezo wa Waturuki moto umeshazimwa. Mteja akija anaambiwa aende kwa mwingine. Hao Waturuki wanaosemeshwa Kiswahili hunifurahisha sana: jitu zima, ndevu, bastola kiunoni, likifungua mdomo inatoka sauti ya kijana anayeuza mabuyu. Wahindi nao mtu akiinua mkono kumpiga mwenziwe kofi, tunazungushwa nyuso za ukoo mzima mpaka mpishi, na kipindi kinaisha kofi liko hewani. Kuna kile cha watu wanaofungiwa nyumba moja wagombane sisi tutazame. Hicho sikitazami; nyumba hiyo nimeshaishi. Na michezo yetu ya pwani, inayopigwa picha kwenye majumba ya kitajiri ya Diani, naitazama kwa mapenzi ingawa ina aibu zake. Binti anaigiza Mswahili wa asili, kajitanda buibui vizuri, udi unafuka nyuma yake, kisha anaingia chumbani kwa nyanya yake na kusema "niaje". Shikamoo ingewagharimu nini?

Jumatatu ijayo unaanza mchezo mpya. Wameutangaza mpaka tumeshika kila neno. Msichana anapanda ngazi analia, mama wa kambo kasimama juu na funguo mkononi, ngoma inalia mara moja, kisha giza. Mara ya kwanza kuona tangazo hilo nilikuwa nakuna nazi, mkono ukasimama wenyewe. Nikawakumbuka watu walionikosea. Na kwa kuwa nimefika umri wa kutoogopa mtu, nitawataja kwa majina yao.

Televisheni ya Bongwe ilikuwa ya Mzee Chidzuga, aliyehudumu mezani katika hoteli moja ya Diani. Mgeni mmoja wa Kijerumani alipokuwa anarudi kwao kabisa akamwachia: kijisanduku cha rangi ya chungwa, kioo chake upana wa sahani ya pilau, picha nyeupe na nyeusi. Stima haikuwa imetufikia, kwa hiyo kilitumia betri ya gari, na betri ikichoka ilifungwa nyuma ya baiskeli kwa mipira, ikapelekwa Ukunda kuchajiwa kama mgonjwa anayepelekwa zahanati. Antena ilikuwa juu ya boriti ndefu nje ya nyumba, na mwenye kazi ya kuizungusha alikuwa Hamadi, kijana wa Mzee Chidzuga, barobaro wa nywele za kuchana.

"Imekuja?" Hamadi anauliza huko nje.

"Bado."

"Sasa?"

"Ilikuja, umeipitisha. Irudishe."

"Niirudishe wapi?"

"Ulikoitoa, Hamadi. Kwani uliitoa wapi?"

Basi nusu ya furaha ilikuwa hiyo, kabla hata picha haijakaa.

Mwenye nyumba hasa alikuwa mkewe Mzee Chidzuga, Bi Tatu. Mwanamke mnene, sauti ndogo, tena hakuipandisha hata akikasirika. Sheria yake ilikuwa moja: macho yakija kula, mikono ije na kitu. Hakutaka pesa. Huyu alileta makumbi ya kuwashia moto, yule ndoo ya maji, mwingine limau au fungu la mboga ya mchunga kutoka shambani kwao. Ulipitia uani, ukaweka ulichokileta, Bi Tatu akakuuliza la kukuuliza huku anapepeta mchele au anamenya muhogo, kisha ndipo ulipoingia ndani. Wadogo mbele mkekani, kina mama nyuma na leso zao, wazee kwenye viti vya kamba karibu na mlango. Muhogo wa nazi uliletwa kwenye sinia moja, na ole wake aliyetazama sana akasahau kutafuna. Adhana ikisikika sauti ilipunguzwa, na hata yule mzungu wa kwenye kioo alionekana kama anajizuia.

Chuoni, tulikosomeshwa Kurani, ustadhi alituambia kwamba sanduku lile litatuharibu akili. Ajabu ni kwamba alijua vipindi vyote vinaanza saa ngapi.

Sasa niwaeleze mambo ya kwetu, maana bila hayo mtaona nasimulia mchezo tu. Mama yangu alifariki ningali mdogo. Baba yangu, Bakari, alikuwa mkwezi wa minazi, akaoa mke mwingine, Mwanakombo. Mwanakombo alipojifungua pacha, mimi nilikuwa darasa la tatu. Akasema watoto hawana wa kuwabeba. Daftari zangu zikawa za kufungia chumvi, mimi nikawa wa kubeba pacha, kuteka maji, kutwanga, na kupigwa mwiko uji ukiungua. Huyo ni wa kwanza: Mwanakombo. Wa pili ni baba yangu mwenyewe. Kutoka juu ya mnazi aliziona nyua zote za Bongwe isipokuwa wake.

Nilikuwa na mama mdogo Msambweni, Mishi, ndugu yake mama tumbo moja. Kwetu sisi Wadigo mtoto ana watu wa upande wa mama, na watu hao huja kuuliza. Mama mdogo Mishi hakuja kuuliza. Nilipomtaja, Mwanakombo alisema, "Mishi? Nilimpelekea habari zako akasema ana wake wa kulisha, hataki mwingine. Kaa hapa unaposhiba." Nikaamini. Mtoto huamini la kumuumiza haraka kuliko la kumfurahisha.

Mchezo wenyewe ulikuwa kila Jumamosi baada ya alasiri, nao tuliuita mchezo wa Rehema, kwa jina la msichana aliyekuwemo. Rehema aliishi na mama wa kambo katika nyumba ambayo kuta zake zilitikisika mlango ukifungwa, maana zilikuwa za mbao nyembamba, lakini nani alijali? Alitolewa shule, akafanywa mtumishi, akanyimwa kuonana na ndugu zake. Mnaona wenyewe ulivyonikaa. Nilimbeba pacha mmoja mgongoni na mwingine kifuani, nikakaa mbele kabisa nikimtazama Rehema bila kupepesa.

Na jambo hili ndilo linalonichoma mpaka leo: Mwanakombo naye aliupenda. Alikuja kila Jumamosi, akaketi nyuma pamoja na kina mama wenziwe, akamlilia Rehema machozi ya kweli, akiyafuta kwa ncha ya leso. "Jamani yule mwanamke hana imani," alikuwa akisema. Kisha tukitoka, mimi na watoto wake wawili mwilini mwangu, ananiambia njiani, "Harakisha, uji bado, au unataka kofi?"

Mchezo ulipofika karibu na mwisho, mji mzima ulikuwa na neno moja. Kisimani, sokoni, barazani: Rehema ataondoka au atabaki? Wengine walisema mtoto hatoki kwa mlezi wake. Wengine walisema akibaki pale atazikwa. Mimi sikubishana na mtu. Moyoni nilikuwa nimekata shauri kwamba Rehema akiondoka, na mimi nitaondoka, hata kama sina pa kwenda zaidi ya kwa Mishi asiyenitaka. Akibaki, nitabaki, na sitaiwaza Msambweni tena. Kwani yeye alikuwa mkubwa kuliko mimi, tena amesoma kidogo, tena alikuwa kwenye televisheni.

Nilimwambia mtu mmoja tu, nilipokuwa nimepeleka makumbi.

"Wewe waonaje?" Bi Tatu aliniuliza, mikono kwenye ungo. "Atakwenda zake huyu?"

"Akienda, na mimi nitakwenda."

"Wapi?"

"Msambweni. Kwa mama mdogo."

"Na asipokwenda?"

"Nitakaa."

Akatupa mawe ya mchele pembeni. "Nani kakwambia Mishi yuko tayari kukupokea?"

"Hakuna. Mwanakombo anasema alimpelekea habari, akasema hanitaki."

Bi Tatu aliendelea kupepeta, na mchele ulikuwa umeshakuwa safi.

Jumamosi ya mwisho ilitanguliwa na Ijumaa, na Ijumaa hiyo palikuwa na maulidi msikitini. Kipaza sauti cha msikiti kilitaka betri. Nani angeinyima? Mzee Chidzuga alitoa betri yake kwa moyo mweupe, na usomaji ukasikika mpaka mashamba ya mbali. Maulidi hayana kosa, na mimi nilikula pilau yake. Aliyepewa kazi ya kuichukua betri alfajiri na kuipeleka Ukunda kuchajiwa alikuwa Hamadi. Wa tatu huyo, Hamadi mwenye nywele za kuchana. Asubuhi hiyo baiskeli yake ilionekana imeegemezwa ukutani kwa binti mmoja wa Mwabungo, betri imefungwa nyuma vilevile. Mwabungo si njia ya kwenda Ukunda. Hata kuku anajua. Alirudi baada ya adhuhuri akipiga mluzi, akaishusha betri, akasema, "Imejaa pomoni."

Siku ile watu walijaa mpaka madirishani. Hata ustadhi alipita nje polepole sana, kama anayetafuta kitu alichokiangusha. Mwanakombo alikuja amevaa leso mpya. Mchezo ukaanza. Rehema kasimama karibu na mlango, mama yake wa kambo anamwambia maneno. Hapo ndipo picha ilipoanza kunywea.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka betri inavyokufa. Haizimi ghafla. Weusi unaingia kutoka pembeni, picha inakuwa ndogo, ndogo, watu wanakonda, sauti inakuwa ya mbu. Rehema alikuwa mkubwa kama kiganja, akawa kama kiberiti. Nilimwona anashika komeo la mlango. "Ukivuka kizingiti hicho..." alisema mama wa kambo, na Rehema akawa nukta nyeupe katikati ya kioo, na nukta ikaenda.

Kisha Mzee Chidzuga akasema taratibu, "Hamadi."

Hamadi hakuwepo. Alikuwa ameshazunguka nyuma ya nyumba.

"Si alisema imejaa?" mzee mmoja akauliza.

"Imejaa kasida," mwingine akajibu, na watu wakacheka kicheko cha hasira. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekishika kioo. Kilikuwa bado na joto.

Watu wakaanza kuinuka. Bi Tatu akatoka uani na kusimama kando ya televisheni iliyokufa, unga mikononi. "Kaeni," alisema. "Mwisho ninao."

"Unao wapi?"

"Mombasa wameshauona. Wao huonyeshwa mbele. Dada yangu alinisimulia yote, nikanyamaza nisiwaharibie."

Hakuna aliyebisha. Tulijua Mombasa wana barafu, wana feri, wana majumba ya ghorofa. Kwa nini wasiwe na Jumamosi yao mapema? Watu wakaketi, na Bi Tatu akasimulia kwa ile sauti yake ndogo, hata walio madirishani wakaingiza vichwa.

"Rehema hakuvuka siku ile," alisema. "Alirudi ndani akalala kama kawaida. Alfajiri, wenye nyumba wangali usingizini, akajifunga leso mbili. Hakubeba kitu, kwa sababu anayebeba kitu huulizwa anakwenda wapi. Akashika njia mpaka barabara ya lami. Hapo akavuka, akasimama upande wa pili. Asingevuka, gari lingempeleka Likoni."

Athumani, mtoto wa jirani, akainua kichwa. "Kwani Rehema yuko huku kwetu?"

"Nyamaza, Athumani. Unatazama au unauliza?"

"Natazama nini, Bi Tatu, nayo imezimika?"

Watu wakacheka. Bi Tatu akaendelea kana kwamba hakusikia. "Lilipokuja gari la Lungalunga akapanda, akamwambia makanga: nishushe Msambweni, njia ya hospitali. Akashuka. Akauliza nyumba ya mama yake mdogo. Si mbali. Ni nyuma ya msikiti mdogo, mlango umepakwa rangi ya kijani."

Hapo Mwanakombo akasema kwa nguvu kutoka nyuma, "Na huyo mama mdogo si alishasema hamtaki?"

Watu waligeuka. Mama mmoja akamuuliza bila ubaya wowote, "Alisema lini, Mwanakombo? Mbona mimi sijakosa hata Jumamosi moja, na Rehema sikumsikia ana mama mdogo?"

Nikamwona Mwanakombo anatazama leso yake mpya.

"Hakusema," Bi Tatu akajibu, wala hakumtazama. "Yalisemwa kwa niaba yake. Mama mdogo alikuwa anamngojea siku zote, na kila alipotuma mtu kuuliza aliambiwa mtoto hataki kuja. Basi Rehema akapiga hodi, akafunguliwa. Akakua, akasoma, akawa muuguzi. Mwisho. Twendeni tukatawadhe."

"Mwisho gani huo," Mwanakombo akasema akijifunga leso. "Mchezo umeharibiwa." Adhana ya magharibi ikaingia, kila mtu akashika njia yake. Tulipokuwa tunarudi nyumbani hakuniambia niharakishe.

Alfajiri nikajifunga leso mbili. Mlango wetu ulikuwa na sauti, na chumba cha Mwanakombo kilikuwa karibu nao. Nadhani alisikia. Nimeliwaza sana jambo hilo na sijui nilitie kwenye upande gani wa hesabu yake, kwa hiyo nimeliacha peke yake. Nilivuka barabara ya lami kama nilivyofundishwa. Makanga alinitazama miguu, akanitazama uso, akaniambia niketi juu ya gunia la mkaa. Nikashuka njia ya hospitali. Msikiti mdogo ulikuwepo. Mlango ulikuwa wa kijani, rangi imebanduka chini.

Mama mdogo Mishi alikuwa uani anapara samaki. Alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu kuona nimeletwa na nani.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Umekula?"

"Sijala."

Akanawa mikono, akanipakulia kiporo cha wali na kunde, akakaa mbele yangu akinitazama ninavyokula. Nilipomaliza akanipakulia tena. Ndipo akaanza kulia, samaki wake nzi wakawajaa asijali.

Msidhani nami nilikuja kuwa muuguzi. Mume wa mama mdogo, Kassim, alisema msichana aliyetoka darasa la tatu akirudi atachekwa na wadogo zake. Wa nne huyo, na ndiye aliyefunga kitabu changu moja kwa moja. Lakini nilicheza. Nilicheza mdako na kibe mpaka magoti yakawa na makovu. Niliogelea na wenzangu maji yakipwa, tukaokota kombe, tukala maembe mabichi kwa chumvi na pilipili mpaka meno yakatetemeka. Nilifunzwa kukaanga, kusonga sima na kupika mkate wa sinia, na nilipigwa mara chache tu, zote kwa haki. Nilipata utoto ingawa ulichelewa kufika. Mwanakombo nilimzika mwaka ule wa mvua nyingi, nikafagia kaburi lake kama anavyofagiliwa mama, na hiyo ni kazi niliyoifanya, si msamaha.

Bi Tatu nilikutana naye tena nikiwa na watoto wangu, kwenye harusi ya huko huko Bongwe. Alikuwa jikoni anagawa pilau, uzee umemwingia magotini.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Bi Tatu, ule mwisho wa Rehema uliutoa wapi?"

"Mwisho upi?"

"Wa siku betri ilipokwenda maulidi."

"Mimi sikumbuki. Uzee huu." Akaweka nyama mbili juu ya sahani yangu, akafunika sufuria. "Ulifika lakini?"

"Nilifika."

"Basi unaniuliza nini?"

Nikadhani habari ya Rehema imekwisha hapo. Wiki iliyopita nilikuwa natazama na jirani yangu, Mama Kioko. Huyu ni Mkamba, walikuja na mumewe kulima huku miaka mingi nyuma, anauza mboga, na Waturuki tunawatazama pamoja kwa sababu televisheni yangu ndiyo kubwa na chai yake ndiyo nzuri. Tangazo la mchezo mpya likapita: ngazi, machozi, funguo, ngoma.

"Aki hii imenikumbusha ile ya zamani," alisema. "Ya Rehema. Wewe uliiona? Sisi tulikuwa tunaionea kwa mwalimu, huko kwetu."

Kikombe nikakiweka chini. "Mwisho mliuona?"

"Si tuliona. Tulilia, wacha tu. Si yule mama wa kambo akapatwa na kiharusi pale pale mlangoni. Rehema akaachilia mlango, akarudi. Akabaki kumuuguza. Wakasameheana, ikaisha hivyo."

"Alibaki?"

"Alibaki. Angeenda wapi? Kwani huku kwenu ilikuwa ingine?"

"Huku kwetu alishuka Msambweni."

Mama Kioko alicheka mpaka akashika ukuta. "Nyinyi watu wa pwani," alisema, "hata televisheni mnaipangia safari." Nami nikacheka, lakini chai ilipoa sikuinywa. Nilikuwa naona picha ikikamilika, betri imejaa kweli, Rehema anaachilia komeo, na mimi mtoto mdogo pale mbele mkekani, pacha mgongoni, nimeshapata jibu langu.

Hamadi yu hai. Nywele zimemtoka, ni mlinzi katika jumba moja la Diani. Siku hizi akipita kununua viazi namwongezea vingine. Aliniuliza kulikoni, nikamwambia ni vya jana. Siwezi kumweleza mtu mzima kwamba nimemlaani nusu ya maisha yangu kwa jambo lililoniokoa. Atavimba kichwa, na kofia yake ya kazi tayari inambana.

Watoto wa leo sisemi wamekosa. Picha zao ni za rangi mpaka unaona vinyweleo, stima ikikatika simu inaendelea, na Zuhura akitaka mwisho anautazama kabla ya mwanzo ili, asema yeye, asije akapoteza muda. Jumatatu kila mtoto wa mtaa huu atautazama mchezo mpya pembeni kwake, mlango umefungwa, na watautazama vizuri kuliko sisi tulivyowahi kutazama chochote. Mwisho ukija watapata wote mwisho mmoja, uliotungwa na mtu aliye Nairobi ambaye hajui ni nani anayemtazama, wala hajui anataka kuambiwa nini. Bi Tatu alitujua. Hukuweza kuifikia televisheni yake bila kupitia jikoni, na pale jikoni uliulizwa la kuulizwa. Jana nimemwambia Zuhura mchezo huo nataka tuutazame wote kwenye ile kubwa, na Mama Kioko alete wajukuu zake. Amesema, "Bibi, si kila mtu ana yake?" Nikamwambia ndiyo, najua kila mtu ana yake, na aje na ndoo ya maji.